Ukichagua programu ya blogu au jukwaa, chagua na siku ya kuiapdeti

Kila mtu anayenitafuta kuhusu kufungua blogu au jukwaa, awe Majengo hapa Moshi au Sakina kule Arusha, ananianzia na swali lilelile: programu ipi nzuri? WordPress au Blogger kwa blogu, phpBB au hii Discourse kwa jukwaa la majadiliano, na wengi wanataka jibu la neno moja ili waingie kazini jioni hiyohiyo. Nawaelewa kabisa. Mtu ana hamu, ana picha zake za mlima na za Ngorongoro, ana grupu la WhatsApp limeshajaa na kila kilichosemwa mwezi uliopita kimeshazama, anataka sehemu yake mwenyewe. Ila neno moja siwezi kumpa, kwa sababu kufunga programu, yaani kuiweka kwenye seva, siku hizi ni dakika chache tu, hostingi nyingi (kampuni zinazokukodishia seva, ile kompyuta inayobeba tovuti) zina kitufe ukibonyeza WordPress imeshakaa. Programu haipimwi siku hiyo. Inapimwa miaka minne mitano mbele, toleo limepitwa, seva imebadilisha PHP (lugha ya kompyuta ambayo WordPress na phpBB zimeandikwa), kijana aliyekufungia amehamia Dodoma na simu hapokei, na humo ndani kuna maelfu ya posti za watu ambazo hazipo popote pengine duniani. Hapo ndo unajua ulichagua nini.

Kwa hiyo mi nauliza mawili kabla sijataja jina la programu yoyote. Nani ataiapdeti? Na siku tukitaka kuhama tunaondoka na nini mkononi? Mtu akinijibu hayo mawili, programu yenyewe inakuwa imeshajichagua kwa asilimia kubwa.

Hili la kuhama watu wanaliona la mbali, ila ukiangalia historia ya hivi vitu utakuta kuhama ndo kawaida. GeoCities, ya kurasa za watu binafsi, ilifungwa Oktoba 2009 na kurasa za watu zikaenda nayo. Posterous, ya blogu, ilifungwa Aprili 2013. Yahoo Groups, ambayo watu waliizoea kwa miaka na miaka, ilizimwa Desemba 2020 na kabla ya hapo yaliyoandikwa humo yalikuwa yameshafutwa. Sio kampuni ndogo hizo. Na hata programu unayoifunga mwenyewe kwenye seva yako inaweza kukubadilikia, programu ya blogu ya Movable Type mwaka 2004 ilipotoa toleo la 3.0 na masharti mapya ya leseni na malipo, wanablogu wengi waliona hapana, wakahamia WordPress iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Na WordPress yenyewe ilizaliwaje? Kulikuwa na programu inaitwa b2/cafelog, ya Mfaransa mmoja Michel Valdrighi, ikafika mahali ikasimama, mwenyewe hayupo, watumiaji wamebaki njia panda. Ila kwa vile ilikuwa na leseni ya GPL, yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuichukua na kuiendeleza, Matt Mullenweg na Mike Little wakaichukua, na tarehe 27 Mei 2003 wakatoa WordPress ya kwanza. Leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote. Mi huwa nawaambia watu hii hadithi kwa sababu leseni ndo kitu cha mwisho wanachokiangalia wakati ndo inayoamua kama mwenye programu akichoka wewe unabaki na kitu au unabaki na kumbukumbu. Kwenye programu za majukwaa, phpBB ni GPL, SMF iko huru, MyBB iko huru, Discourse iko huru. vBulletin na XenForo zinalipiwa, ni nzuri, XenForo imetengenezwa na watu waliokuwa wanaijenga vBulletin yenyewe, sina ubaya nayo hata kidogo kama una hela ya leseni na ya kuihuisha kila mwaka. Jiulize tu mwaka ukiwa mbaya, kahawa imeshuka bei, nani ataendelea kulipa.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe maana huko ndo kuna mambo.

Kuna jukwaa moja la wafugaji na wakulima wa kahawa na migomba ninalolitunza, memba wake wengi ni wa Hai, Kibosho, Rombo, na upande wa Meru pia wapo. Sio jukwaa kubwa. Ila humo kuna wazee wameandika vitu ambavyo huvipati kwenye kitabu, dalili za ugonjwa wa kiwele wanavyoziona wao zizini, picha za chulebuni na kutu ya majani kwenye kahawa, mti kwa mti, msimu kwa msimu, nani alipanda mbegu zile za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, zinazovumilia magonjwa na zikamfanyia nini shambani kwake. Lilitengenezwa kwa phpBB 3.0, ambayo ilitoka Desemba 2007, na halikuguswa tena. Lilikuwa linafanya kazi vizuri tu, ndo maana hakuna aliyeligusa.

Siku hostingi ilipoondoa PHP 5.6 jukwaa likawa jeupe. Skrini nyeupe, hakuna ujumbe, hakuna chochote. Watu wakapiga simu wanadhani tumedukuliwa. Hakuna aliyedukua, ni kwamba phpBB 3.0 iliandikwa enzi za PHP 4 na 5, PHP 5.6 iliacha kuhudumiwa mwisho wa 2018, na hostingi yoyote makini lazima ifike mahali iseme basi. Mwenye seva hana kosa hapo. Programu isiyoapdetiwa inakaa juu ya vitu vingine ambavyo vyenyewe vinasonga, PHP inasonga, MySQL inayotunza databesi inasonga, vivinjari vinasonga, kwa hiyo ukisema umeiacha kama ilivyo, kiukweli inarudi nyuma kila mwaka. Matoleo unayoyaruka ni kama deni la dukani kwa mangi, ukilipa kidogo kidogo hulisikii, ukiliacha litakusubiri lote kwa pamoja siku ambayo huna kitu.

Cha kwanza kabisa kabla ya kugusa, bakapu, na bakapu ya phpBB ni vitu viwili, sio kimoja. Databesi ina maandishi, memba, paswedi na ujumbe wa siri. Picha walizoambatisha watu ziko kwenye folda linaitwa files, na ukilifungua humo ndani utakuta mafaili yana majina marefu ya herufi na namba ovyoovyo, hayana hata mwisho wa jpg, mtu asiyejua anadhani ni takataka anafuta. Hizo ndo picha za chulebuni zenyewe. Databesi ndo inayojua faili lipi ni la posti ipi, kwa hiyo ukiwa na kimoja bila kingine una nusu ya jukwaa. Kwenye WordPress ni hivyohivyo, databesi peke yake haitoshi, unahitaji na folda la wp-content na lile faili la wp-config.php.

Pili, usifanyie kwenye jukwaa lenyewe. Nilishusha kila kitu kwenye laptopu, nikafunga XAMPP, programu inayoigeuza laptopu kuwa seva ndogo, nikaanza kuliapdeti hapo mezani ambapo hata likivunjika hakuna anayeumia. Na hapo ndo nikaliona jambo ambalo nataka kila anayetunza tovuti ya Kiswahili alijue.

Nimeingiza databesi, jukwaa limefunguka, napitia mada ya ng'ombe wa maziwa. Nakuta posti moja imeandikwa ng'ombe safi kabisa, inayofuata chini yake imeandikwa ngâ€™ombe. Nashuka chini, kungâ€™oa migomba. Narudi juu, ng'ombe nzuri. Nusu ziko sawa, nusu zimeharibika, kwenye mada ileile, siku ileile. Tofauti yake ni alama yenyewe ya juu. Ile iliyonyooka, ya kwenye kibodi ya kompyuta, ni herufi ya kawaida, kila mfumo inaifahamu tangu zamani. Ila baadhi ya simu na Word zinaigeuza kuwa ile iliyopinda, na hiyo kwenye UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, inaandikwa kwa baiti tatu, sasa ukiingiza faili la databesi huku MySQL umeiambia inasoma latin1, mfumo wa zamani wa herufi, inazisoma zile baiti tatu kama herufi tatu tofauti, ndo unapata hiyo â€™. Mwingereza atapata hili tatizo kwenye vifupisho vyake. Sisi tunalipata kwenye ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, kung'ang'ania, yaani katikati kabisa ya maneno yetu ya kila siku, na ukishahifadhi hivyo halafu watu wakaanza kuandika posti mpya juu yake, kurudisha nyuma ni shughuli pevu. Nilifuta ile kopi, nikaingiza upya nikiwa nimetaja seti ya herufi ni utf8mb4, ng'ombe wote wakarudi. Dawa ni hiyo tu, kwenye kutoa taja, kwenye kuingiza taja, na ukimaliza usiangalie ukurasa wa mbele ukaridhika, tafuta mada yenye ng' ya kutosha uisome posti kwa posti.

Hii utf8mb4 ina kisa chake pia. MySQL ilikuwa na kitu inakiita utf8 ambacho kinabeba mpaka baiti tatu tu, na emoji nyingi zinataka nne. Zamani kwenye blogu za WordPress ulikuwa unakuta mtu kaandika safari yake ya Machame vizuri, katikati akaweka emoji, akabonyeza chapisha, na kila kilichofuata baada ya emoji kimeyeyuka, databesi imekata hapohapo. WordPress 4.2 ya Aprili 2015 ndo iliyohamia utf8mb4. Kwa hiyo nikimwambia mtu apdeti, simwambii kwa ajili ya kupata rangi mpya, namwambia kwa ajili ya maandishi yake yasikatwe.

Tuendelee na phpBB. Kutoka 3.0 kwenda 3.3 unaweza kwenda moja kwa moja, ila kuna shimo katikati. Enzi za 3.0, ukitaka kuongeza kitu ulikuwa unafungua mafaili ya programu yenyewe unachomeka mistari, ndo ziliitwa MOD. Toleo la 3.1 la Oktoba 2014 likaleta nyongeza zinazokaa kwenye folda lake peke yake, hazigusi mafaili ya ndani. Hiyo ni neema kubwa sana, ila maana yake MOD zote za zamani hazivuki, na aliyefunga jukwaa letu alikuwa amechomeka nyingi, kitufe cha asante, sehemu ya bei za maziwa, na nyingine hata haijulikani inafanya nini. Nilikaa na viongozi wa jukwaa tukaziorodhesha tukaulizana ipi watu wanaitumia kweli. Kitufe cha asante tu. Nyingine zote zikaachwa na mpaka leo hakuna aliyeuliza.

Kazi yenyewe inakwenda hivi: unabaki na config.php, folda za images, files na store, mengine yote ya zamani unaondoa, unapakia mapya, lugha ya jukwaa unairudisha kwanza Kiingereza cha Uingereza kwa sababu ndo inayokuja na programu na tafsiri ya zamani itakuvurugia, staili, yaani muonekano, unaacha prosilver inayokuja na programu, halafu unaendesha mabadiliko ya databesi. Hii ya mwisho mi naiendesha kwenye seva kwa mstari wa amri, ndani ya programu inaitwa screen, sio kwenye kivinjari. Sababu ni ya kwetu hapa: umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya kazi, kivinjari kinaachia, unabaki na databesi nusu ya zamani nusu mpya. Ndani ya screen seva inaendelea na kazi yake, we washa simu, ingia tena, utaikuta inaendelea. Paswedi za watu hazikusumbuliwa, toleo jipya linazihamishia lenyewe kwenye ulinzi mpya kila memba anapoingia, hata hajui.

Baada ya kurudi hewani simu ya kwanza ilikuwa ya mama mmoja wa Kibosho, memba wa siku nyingi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona mwaka huu maandishi ni makubwa, nasoma bila miwani?"

Ni kwa sababu staili ya 3.0 ilitengenezwa kwa skrini ya kompyuta, kwenye simu kila kitu kilikuwa kidogo unavuta kwa vidole, kuanzia 3.1 ukurasa unajipanga wenyewe kulingana na simu. Memba wetu karibu wote wanasoma kwa simu. Jukwaa lilikuwa limewafungia mlango muda wote huo na hakuna aliyelalamika, walikuwa wanaacha tu kuja.

Akaendelea: "Lakini mbona nikitafuta kahawa inaniambia hakuna?"

Hili nalo halikuwa jipya, lilikuwepo tangu zamani, watu walishalizoea. Utafutaji wa phpBB una kipimo cha maneno ya kawaida, kwa kuanzia kimewekwa asilimia 5, neno likionekana kwenye zaidi ya asilimia 5 ya posti zote linahesabiwa kuwa halina maana ya kutafutwa, linatupwa. Kwa Kiingereza inaondoa vile viunganishi vyao, sawa. Kwenye jukwaa la wakulima wa Kilimanjaro neno linalotokea kila mahali ni kahawa. Ni ng'ombe. Ni maziwa. Yaani programu ilikuwa imewaficha watu maneno yaleyale waliyokuja kuyatafuta. Nenda kwenye mipangilio ya utafutaji, weka sifuri, futa faharasa, ijenge upya, basi. Na kuna lingine ambalo halina tiba kamili: Kiswahili kinabeba viambishi mbele. Mifumo mingi ya kutafuta imezoea lugha zinazobadilika mwisho wa neno, kwa hiyo ukitafuta lima haikuletei nimelima wala wanalima. Kwenye phpBB unaweza kuweka nyota mbele, *lima, na nimeandika maelekezo hayo juu kabisa ya ukurasa wa kutafuta kwa herufi nene. PostgreSQL, databesi ambayo ndo Discourse inaitegemea, ina kanuni za kufupisha maneno kwa lugha nyingi ila Kiswahili hakipo humo. Vijana wa kompyuta hapa Arusha na Moshi wanaotafuta kazi ya kufanya, hii hapa, na itasaidia watu kuanzia Mombasa mpaka Bukavu.

Nimetaja Discourse, niseme neno juu yake maana watu wananiuliza kwa nini sikuwahamishia huko. Ni programu nzuri sana, Jeff Atwood na wenzake Robin Ward na Sam Saffron waliitangaza Februari 2013, toleo la 1.0 likaja Agosti 2014, na kwenye kuapdeti sijaona jukwaa rahisi kama lile, admini anabonyeza kitufe ndani ya jukwaa lenyewe, ikigoma una amri moja ya kujenga upya. Kiswahili kipo pia. Kama unaanzisha jukwaa la waprogramu au la wanafunzi wa chuo pale Arusha, watu wenye simu nzuri na barua pepe wanayoifungua, nenda nayo bila wasiwasi. Ila inataka seva yako mwenyewe yenye angalau giga 1 ya RAM, inakuja na Docker, mfumo wa kufungasha programu na vyote inavyohitaji, na bili yake mara nyingi ni ya dola. Inabebwa na JavaScript nyingi, yaani kodi ambayo simu ya msomaji ndo inayoiendesha, na kwenye simu za Android za bei ya chini inakuwa nzito, Atwood mwenyewe aliliandika hilo wazi mwaka 2015. Tena kujisajili kunategemea barua pepe ifanye kazi. Yule mama wa Kibosho barua pepe alifunguliwa na mjukuu siku ananunua simu na paswedi anayo mjukuu. Mtu wa namna hiyo ndo jukwaa letu lilipo kwa ajili yake, kwa hiyo phpBB ikabaki.

Tofauti hiyo ndo inayonifanya nikatae mijadala ya ipi bora kuliko ipi. Uliza memba wako ana simu gani na bando la bei gani, huko ndo utapata jibu.

Usalama nitapita haraka ila msiudharau. Desemba 2004 kuna kirusi kiliitwa Santy kilitumia Google kutafuta majukwaa ya phpBB yaliyokuwa chini ya toleo la 2.0.11 kikayafuta moja baada ya jingine, tundu lilikuwa limeshazibwa kabla, waliopigwa ni ambao hawakuapdeti. Januari 2017 WordPress ikatoa 4.7.2 kuziba tundu kwenye 4.7 na 4.7.1, kabla watu hawajaweka kurasa nyingi mno zikawa zimeandikwa juu yake na wadukuzi. Waliopona wengi hawakufanya lolote, tangu toleo la 3.7 la Oktoba 2013 WordPress inajiwekea yenyewe matoleo madogo ya usalama. Sasa kuna mafundi wanazima hiyo kitu kwa wateja wao eti isije kuharibu themu, yaani muonekano wa tovuti. Kama themu yako inaharibika kwa apdeti ndogo ya usalama, tatizo ni themu, rekebisha themu. Mabadiliko yako ya muonekano yaweke kwenye themu mtoto, themu ndogo inayokaa juu ya ile kuu, ili apdeti isiyafute, ndo kazi yake.

Na kabla ya yote hayo kuna sheria ya nchi. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 zilipokuja, leseni ilikuwa shilingi milioni moja kwa mwaka na ombi lenyewe laki moja, blogu nyingi zikafa, hata JamiiForums walizima kwa muda Juni mwaka huo. Kanuni zimebadilishwa tangu hapo, kwa hiyo nenda TCRA, mamlaka ya mawasiliano, uulize unachopaswa kuwa nacho leo kabla hujalipia hostingi. Na ukiwa na memba una taarifa zao, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu, ile bakapu yenye ujumbe wa siri na barua pepe za watu usiitembeze kwenye flashi ukaichomeka kila kompyuta ya stationari.

Nimalizie na kaka mmoja muongoza watalii wa Arusha, anakaa Njiro, ambaye ndo alinisukuma niandike hii. Ana blogu ya Blogger tangu mwanzo wa kazi yake, wageni wake wanaisoma kabla hawajapanda ndege. Alitaka kuhama aje WordPress kwa sababu anataka kupokea maombi ya safari humohumo. Nikamuuliza nani ataiapdeti. Akasema binti wa dada yake, yuko chuo, kila mwisho wa mwezi atakaa nayo. Sawa. Plagini, yaani vipande vya kuongezea WordPress uwezo, tukakubaliana chache, kila moja tuliangalia mara ya mwisho kuapdetiwa ni lini na imejaribiwa mpaka toleo gani, moja aliyokuwa anaipenda sana ya kuonyesha picha ilikuwa imeachwa na mwenyewe miaka mingi, nikamwambia hapana kaka, hiyo ndo mlango wa mwizi, akaelewa. Ile edita ya vipande iliyokuja na 5.0 Desemba 2018 imemshinda, tumemwekea Classic Editor na anaandika kwa raha zake. Domeini tumeiandikisha kwa jina lake yeye, sio langu wala la mtengeneza tovuti yeyote, na paswedi zote anazo yeye.

Kilichotuchukua muda ni linki. Blogger inaandika anwani ya posti kwa mwaka, mwezi, kisha kichwa na mwisho html. WordPress ukienda kwenye mipangilio ya viungo unaweza kuiambia iandike hivyohivyo, mwaka, mwezi, jina, html, na kwa vile alikuwa anatumia domeini yake tangu zamani anwani haibadiliki hata herufi. Isipokuwa vichwa virefu, Blogger ilikuwa inavikata na WordPress haivikati, hizo ikabidi tuzipitie moja moja na kuzirekebisha kwa mkono, yeye anasoma kwa sauti kutoka kwenye simu mi naandika. Tulipomaliza tukachukua linki ambazo wageni wake wa Ujerumani walishaziweka kwenye kurasa zao miaka ya nyuma, tukabonyeza, zote zikafunguka mahali pake. Ndo tukazima ile ya zamani.